Mdhamini wa Arobaini na Moja

Nilitia saini nikiwa na damu ya ng'ombe kidoleni.
Fomu ikapata doa. Fundi akalipuliza likauke, akasema,
"Hata hili litahesabiwa."
Nikawa wa arobaini na moja, chini ya mama wa mihogo,
juu ya kijana asiyekumbuka namba ya kadi yake.

Shaweji Nampunju, fundi mizani wa Tandika,
mtu wa springi, bisibisi, na jiwe la shaba la kilo moja
analolilaza ndani ya soksi ya mwanawe,
anautaka urais.
Tulicheka mpaka mteja akasahau chenji.

Hakuwa na chama. Akaazimwa kimoja,
chama cha bendera mbili, ofisi yake
sebuleni kwa mwenyekiti, nyuma ya friji.
Mgombea mwenza, mwalimu mstaafu wa Makunduchi,
alivuka na boti ya asubuhi, akapigwa picha,
akawahi boti ya jioni.

Wenzake walikuja na malori ya muziki, kofia, khanga.
Helikopta ikatimua vumbi Mwembeyanga
hadi nyama nikazifunika kwa gazeti
lenye sura ya huyohuyo aliyekuwa angani.
Yeye alikuja na bajaji ya mkopo, spika moja inayokoroma,
na meza. Akaweka mizani. Akaweka lile jiwe.
"Leteni kilo zenu."
Mama mmoja akaleta sukari aliyotoka kuinunua:
imepungua.
Mwingine mchele: umepungua.
Unga, maharage, misumari ya mabati,
na watu wakawa kimya, kimya kile
cha mtu aliyepapasa mfuko akakuta tundu.
"Barabara sijui kuahidi," akasema. "Kilo iwe kilo.
Mengine tutayapima baadaye."

Mimi sikutoka buchani.
Chini ya sinia la mizani yangu palikuwa na sumaku,
ndogo, ya mviringo, niliing'oa kwenye redio ya marehemu baba.
Kila pimo hula gramu themanini.
Fundi aliijua. Mwaka juzi aliigusa kwa kidole,
akaniangalia, akakaza springi,
akapokea elfu tatu yake, akaenda.
Hakumwambia mtu.
Saini yangu ilikuwa malipo ya ule ukimya,
na hata hapo, nadhani, nilipunja.

Siku ya kura tulipanga foleni tangu alfajiri
kwenye darasa lenye ubao ulioandikwa "Mazoezi ya kugawanya".
Usiku karatasi ikabandikwa ukutani,
tukaimulika kwa simu:
Nampunju S., tatu.

Tatu. Ya kwake. Ya Bi Somoe, mkewe.
Na ile moja, mtaa mzima sasa unaigombania:
mama wa mihogo anaapa ni yake, kinyozi anaapa,
yule kijana anaapa kwa kaburi la bibi yake,
bibi ambaye jana tu kanunua maini kwangu.
Arobaini na mmoja tulidhamini.
Mimi peke yangu siapi.
Kura yangu ilikwenda na fulana. Si mbaya,
pamba tupu. Naifutia kisu.

Ijumaa akaja, bisibisi mfukoni kama siku zote,
akataka nusu.
Usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimeibandua sumaku,
kwa nini, tusiulizane.
Nikakata. Nikapima. Mshale ukatikisika,
ukasimama kwenye nusu.
Nikaongeza kipande cha steki, cha kumpa pole.

Fundi akakiokota kwa ncha za vidole,
akakirudisha juu ya gogo.
"Hiyo imezidi," akasema,
akalipa,
akasimama pale pale akisubiri chenji yake ya mia mbili.